Tuleteeni Harambee Stars Mombasa tuione kwa macho

Majuzi nilikwenda Mwembe Tayari kumtafutia mpwa wangu jezi ya Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya mpira. Anatimiza miaka kumi na mmoja, na aliiomba mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Nilifurahi mno, nikaacha shughuli zangu za asubuhi nikatoka.

Kibanda cha kwanza kulikuwa na Arsenal, Manchester United, Real Madrid, na Simba ya Dar imening'inizwa juu mlangoni ili ionekane tangu barabarani. Cha pili vivyo hivyo, ila huyu alikuwa na Yanga pia. Cha tatu muuzaji alinitazama kidogo akauliza, "Ya Kenya ya mpira, au ya wakimbiaji?" Akainama chini ya meza, akavuta boksi, akapekua, akaitoa moja ndani ya karatasi ya plastiki. Ilikuwa imekaa mpaka mikunjo imeacha alama nyeupe kifuani. Saizi ya mtu mzima.

"Kaka, hizi hazitoki," akaniambia. "Mwezi wa nane, wakati wa CHAN, niliuza zote nikaagiza nyingine. Hizo nilizoagiza ndizo hizi."

Maneno hayo nimetembea nayo wiki nzima, kwa sababu yanajibu lawama ambayo nimechoka kuisikia: kwamba Wakenya hawaipendi timu yao, hatuna uzalendo, tumelewa mpira wa Uingereza. Mtu asiyependa hanunui jezi mpaka boksi likaisha.

Ikumbuke ile CHAN ya Agosti 2025, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Tulianza kwa kuifunga DR Congo 1-0, tukatoka sare ya 1-1 na Angola, tukaichapa Morocco 1-0, kisha Zambia 1-0, na tukaongoza kundi ambalo kila mtu alikuwa ameshatuzika ndani yake. Watu walijaa Uwanja wa Kasarani, Nairobi, hadi vurugu za getini zikaifanya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ipunguze tiketi za mechi ya Zambia ziwe 27,000. Huku kwetu Majengo, siku ya robo fainali na Madagascar, Ijumaa ya tarehe 22, banda la mpira lilifurika mpaka vijana wakapanda juu ya matanki ya maji nje wachungulie dirishani. Alphonse Omija alipotufungia, mama wa viazi karai ng'ambo ya barabara aliacha mafuta yakiungua akaja kuuliza ni nani. Tulipotolewa kwa penalti watu hawakutukana. Walikaa tu. Sijawahi kuona banda lile limenyamaza namna ile, hata siku za fainali za Ulaya.

Kwa hiyo mapenzi yapo. Swali ni kwa nini yanakufa baada ya wiki tatu.

Wengi watakwambia ni kushindwa. Mimi sikubali. Arsenal walichukua ligi mwaka 2004, kisha ikapita miaka ishirini mizima hawajaigusa tena, na katika miaka hiyo hiyo Mombasa imezaa mashabiki wa Arsenal wasiohesabika. Watoto walizaliwa, wakaoa, wakingali wanangoja. Kushindwa hakumfukuzi shabiki. Kinachomfukuza ni kutokuiona timu. Arsenal unaiona kila wiki, saa unayoijua, mahali unapopajua, na wenzako wale wale. Harambee Stars inakuja kama mgeni asiyebisha hodi, na kabla hujampa kiti ameshaondoka.

Mimi nimeiona kwa macho yangu mara moja tu. Ilikuwa Desemba 2013, tulipoandaa Kombe la Cecafa, la Afrika Mashariki na Kati, na robo fainali yetu dhidi ya Rwanda ikachezwa hapa Mombasa, Uwanja wa Manispaa. Nilikuwa kidato cha pili. Ami yangu alinishika mkono kupita getini kana kwamba ningali mdogo, nikaona haya, lakini sikuutoa mkono. Tulikaa kwenye ngazi za saruji zilizoshika joto la mchana kutwa, ukikaa unaruka. Nilikula njugu za karatasi, nikalamba ukwaju mpaka ulimi ukawasha. Tulishinda 1-0. Bao lenyewe silikumbuki vizuri. Nakumbuka sauti ya mpira unapopigwa karibu yako, ambayo kwenye runinga haipo, na mchezaji mmoja aliyekuja kurusha mpira upande wetu, jasho linamtiririka, wazee wakamwambia, "Pole baba, kaza," naye akaitikia kwa kichwa. Kuanzia siku ile timu ile ikawa yangu. Tulipochukua kombe tarehe 12 kwa kuifunga Sudan 2-0, Sikukuu ya Jamhuri, siku ya miaka hamsini ya uhuru, nililia.

Mpwa wangu hatapata siku kama hiyo. Uwanja ule ulivunjwa kwa ahadi ya uwanja mpya wa kisasa, kazi ikaanza, ikasimama, ikaanza tena, ikasimama tena. Klabu ya Bandari wana uwanja wa Mbaraki, wanajikongoja nao, na Mungu awape nguvu. Lakini mji huu ndio uliotoa Feisal, mabingwa wa ligi ya taifa mwaka 1965. Hapa ndipo, Frere Town, alipozaliwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake iliifanya nchi nzima iseme "Kadenge na mpira". Mji kama huu kukosa uwanja wa kuikaribisha timu ya taifa ni jambo la kuumiza.

Tusijidanganye kwamba shida ni ya Pwani peke yake. Februari 2022 FIFA ilitufungia, na hadi tulipofunguliwa Novemba tulikuwa tumeshaondolewa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la 2023. Mwaka 2024 viwanja vya Nairobi, Kasarani na Nyayo, vikafungwa kwa ukarabati. Juni tukawakaribisha Burundi na Ivory Coast kwenye mechi zetu za "nyumbani" huko Lilongwe, Malawi. Septemba Zimbabwe na Oktoba Cameroon tukawakaribishia Kampala. Niambie, mtoto wa Likoni aliyekuwa na miaka minane wakati ule angejifunzaje neno nyumbani?

Na lipo jambo linaloniuma zaidi ya yote hayo. Machi 2021 Misri walikuja Kasarani na Mohamed Salah wao. Wakatufunga mapema, na aliyesawazisha kipindi cha pili ni Abdalla Hassan, mchezaji wa Bandari, kijana tuliyekuwa tukimwona Mbaraki. Bao la kuwarudisha Misri, kutoka kwetu! Viti vilikuwa vitupu kwa sababu ya Korona, hilo halikuwa kosa la mtu. Lakini baada ya Korona kuisha, je, alipata kuletwa mbele ya watu wa Mombasa akiwa na jezi ya Kenya? Mbele ya mamake, majirani zake, watoto wa mtaa? Hiyo ingekuwa siku ya kuzalisha mashabiki wa miaka hamsini.

Nimeshaambiwa, "Si mpande treni mwende Nairobi?" Haya, tupige hesabu. SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, kwa kichwa. Ongeza matatu mpaka Miritini, nyingine kutoka Syokimau mpaka Kasarani, tiketi ya mechi, chakula, na pa kulala, kwa kuwa mechi ikiisha usiku huwahi treni. Baba wa watoto wawili anayefanya kibarua bandarini atamaliza mapato ya wiki nzima kwa dakika tisini. Banda la Majengo kwake ni hela ndogo na miguu yake mwenyewe. Anaipenda nchi yake, ila hesabu ndiyo hiyo.

Tazama wenzetu. CHAN ile ile, Tanzania waligawa mechi kati ya Dar na Zanzibar, kundi moja karibu lote likachezewa uwanja wa Amaan, Zanzibar. Watu wa visiwani, wa bahari kama sisi, walitoka majumbani mwao kwa miguu wakaiona Senegal, wakaiona Nigeria. Kenya, mechi zote zilikuwa Kasarani na Nyayo. Na sasa AFCON ya 2027 inakuja, tunayoiandaa pamoja na hao hao Watanzania na Waganda, na uwanja mpya mkubwa, Talanta, wa watu 60,000, uko wapi? Nairobi. Siwaonei wivu. Ila vijana wa hapa wakisema Stars ni timu ya bara sina la kuwajibu, na mimi ndiye ninayevaa jezi.

Najua CAF wana masharti yao ya taa, viti na vyumba vya kubadilishia, kwa hiyo siombi mechi ya kufuzu kesho. Naomba kambi ya siku nne hapa. Naomba mazoezi ya wazi Mbaraki, geti likiwa wazi, watoto wa shule wameletwa kwa mabasi, wachezaji wakibaki nusu saa baada ya mazoezi kusaini madaftari. Uongozi mpya wa shirikisho uliochaguliwa Desemba 2024 ulikuta nyumba imebomoka, nalielewa hilo, na kwenye CHAN kazi yao ilionekana. Lakini wamwone na yule muuzaji wa Mwembe Tayari na boksi lake chini ya meza.

Jezi niliinunua hivyo hivyo, kubwa. Inamfika mpwa wangu magotini, na aliivaa mpaka mamake akamkataza kulala nayo. Jumamosi nilimpeleka kwa fundi wa kuandika majina mgongoni. Fundi akauliza jina gani. Huyu mtoto anaweza kukutajia kikosi cha Arsenal pamoja na wa akiba, na Michael Olunga wa Stars anamjua pia, kwa video za yale mabao 28 aliyofunga ligi ya Japani mwaka 2020. Nikadhani atasema Olunga. Akasimama pale akifikiri, vidole vinacheza na ncha ya jezi, kisha akanigeukia.

"Mjomba, tuiache wazi kwanza. Mpaka nimwone mmoja akicheza."

Fundi akaikunja, akaturudishia.