Mpango wa TEHAMA Kusini uandikwe kwa kalenda ya korosho

Msimu wa korosho ukishafungwa na ushuru ukishaingia, mkuu wa kitengo cha TEHAMA katika taasisi yoyote ya Mtwara au Lindi inayohudumia wakulima huulizwa na wakubwa wake: mwakani tunafanya nini? Nimekaa upande wa kujibu swali hilo kwa miaka kadhaa. Majibu hugawanyika makundi mawili, na hakuna hata moja ambalo naweza kulibeza.

Kundi la kwanza linataka mapya: mfumo mpya wa kumbukumbu za wakulima, programu ya simu, data kuhamishiwa kwenye wingu, yaani seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, na sasa akili mnemba. Watu hawa wana ushahidi mkononi. Miaka mingi zabuni za korosho ziliingia kwenye sanduku na kufunguliwa mbele ya watu. Msimu wa 2024/25 minada ikahamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wapo waliosema vijiji vyetu haviko tayari, na mimi nilikuwa na wasiwasi huohuo. Lakini minada ilifanyika, wakulima wakaziona bei zikitajwa, na mkulima hakupoteza haki yake ya kuikataa bei isiyomridhisha. Aliyesubiri mpaka kila kitu kikamilike angekuwa anasubiri hadi leo.

Tena, kukaa na vya zamani nako kuna gharama. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya usalama ya bure kwa Windows 10. Kwetu huo ni mwezi wa minada. Kompyuta yenye namba za akaunti za wakulima maelfu, isiyopata masasisho, ni mlango usio na komeo. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023, taarifa za mkulima zikivuja hilo si aibu ya kitengo tu, ni kosa la kisheria.

Kundi la pili linasema tuimarishe tulivyonavyo kwanza, nalo linazungumza likiwa limeungua. Gesi ya Mnazi Bay inatoka hapahapa Mtwara, lakini kwa miaka mingi mikoa hii miwili ilitegemea mitambo michache ya umeme wa gesi ya hapa, nje ya gridi ya Taifa, kwa hiyo mtambo mmoja tu ukiharibika mgao wa umeme ulikuwa unafuata. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika katika sehemu kadhaa. Kabla hatujapumua, Mei 12, mikongo ya intaneti inayopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, ikakatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Kisha Oktoba 29, 2025 intaneti ikazimwa nchini kwa siku kadhaa. Kwa anayefanya kazi Masasi au Nachingwea, mpango unaochukulia kwamba mtandao upo saa zote ni mpango wa mji mwingine.

Kitu kilichonifanya niache kuhesabu hoja na kuanza kuangalia kalenda nilikiona kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, wilaya ya Newala. Mizani inasomwa, kilo zinatajwa kwa sauti, karani anaandika kwenye kaunta buku. Kishikwambi alichopewa kilikuwa kwenye droo. Hakukikataa kwa ukaidi: kila akibonyeza kuhifadhi, kiduara kinazunguka, na nyuma yake kuna foleni ya watu waliokuja na magunia tangu alfajiri. Jioni alipanda pikipiki hadi penye mtandao, akaingiza wakulima wote wa siku ile kutoka kwenye buku, mmoja mmoja, kwa kidole gumba, akiwa na usingizi. Makosa yanazaliwa pale. Tarakimu mbili za akaunti zinabadilishana nafasi. Hadija wa kwenye daftari ni Khadija wa benki.

Wiki chache baadaye mama mmoja alikuja ofisini akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne. Hela yake ilikuwa imerudishwa na benki kwa sababu jina halikulingana. Alitaka kujua: korosho zimeshaondoka ghalani, sasa hela iko wapi? Nilimwonyesha kiti, nikaanza kupiga simu. Mfumo ulikuwa mpya, umenunuliwa mwaka uleule, na ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa mjini.

Ndiyo maana naona mjadala wa kipya dhidi ya cha zamani unatupotezea muda. Cha kuamua kwanza ni tarehe. Minada kwa kawaida huanza Oktoba. Kuanzia Septemba mwishoni hadi malipo ya mwisho yatoke, mfumo unaogusa malipo usiguswe kabisa, labda kuziba tundu la usalama tu. Hela ya kununulia vitu huja msimu unapoisha, na kwa halmashauri mwaka wa fedha unaanza Julai. Lakini daftari la wakulima linatakiwa liwe safi kabla ya hapo, maana ndilo linalotumika kugawa salfa na viuatilifu vya ruzuku, na mikorosho haisubiri bajeti ipite. Ukitoa miezi hiyo yote, ukitoa na wiki za mvua ambazo fundi akiitwa Liwale hafiki, nafasi halisi ya kufanya mabadiliko makubwa ni finyu sana. Mpango wenye miradi kumi na miwili haujaipima nafasi hiyo.

Katika nafasi hiyo mimi ningeanza na majina na akaunti. Uhakiki ufanyike kijiji kwa kijiji, karani na mkulima wakitazama kadi ya benki pamoja. Hiyo ni kazi ya nauli na posho, haina mashine ya kuzinduliwa, na ndiyo sababu kila mwaka inaachwa. Ya pili ni programu inayohifadhi ndani ya kifaa na kutuma mtandao ukirudi. Anayeshindwa kutupa hiyo asishinde zabuni, hata akija na bei nzuri. Ya tatu ni betri na inverta kwenye kila ghala kubwa, na vipuri vikae Mtwara. Kuna zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam, na tumeona barabara inavyoweza kukatika.

Wanaotaka mapya watanijibu kwamba hivi ndivyo taasisi zinavyobaki nyuma: kila mwaka msingi, kila mwaka betri. Hoja hiyo inaniuma kwa sababu ina ukweli. Vijana wazuri niliowafundisha wameondoka kwa kukosa kazi ya kukuza akili. Kwa hiyo jaribio moja la kitu kipya lazima liwemo, dogo, lenye mwenyewe na tarehe. Akili mnemba inaweza kusaidia kuoanisha Hadija na Khadija kati ya maelfu ya majina na kumletea binadamu orodha ya kuamua. Ijaribiwe Februari kwa data ya msimu uliopita, kwenye kompyuta ya ndani, taarifa za watu zisitoke nje. Ikifaa, ipewe nafasi. Ikishindwa, tutakuwa tumejua kabla ya Oktoba.

Kompyuta za Windows 10 sizitaki zisubiri jaribio lolote. Zile zinazoshika akaunti za wakulima zibadilishwe kwanza. Zinazoandika barua tu zinaweza kungoja.

Rasimu yangu ya mwakani nimeianza na posho za makarani wa uhakiki. Nimeshaambiwa mstari huo utakatwa wa kwanza, na nimeandaa orodha ya malipo yote yaliyorudishwa na benki msimu uliopita, kijiji kwa kijiji, niiweke mezani siku ya kikao.