Usinipeleke Ukurasa wa Mwanzo

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta mwongozo wa kurekebisha printa. Kiungo nilikuwa nimekihifadhi mwenyewe, kwa hiyo nikabofya bila wasiwasi. Nikatua kwenye picha ya watu wanaocheka, juu yao neno "Karibu". Nikadhani nimekosea. Nikarudi nyuma, nikabofya tena. Karibu! Mara ya tatu ndipo nikaelewa: mwongozo ulishafutwa, ila hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Mtindo huu wa kufuta kurasa na kuwatupa wageni wote ukurasa wa mwanzo umezagaa, na wanaoufanya wanaamini wanaokoa nafasi yao kwenye matokeo ya utafutaji. Hawaokoi kitu. Google ikiona kurasa nyingi zilizokufa zinaelekezwa mahali pamoja pasipohusiana nazo, huzihesabu kama 404 tu (namba ya seva inayosema ukurasa haujapatikana), iliyojificha. Mgeni umemzungusha bure.

Mimi najiuliza swali moja: aliyeomba ukurasa huu alitaka nini? Kama jibu lake limehamia anwani nyingine, naweka 301, yaani elekezo la kudumu, inayompeleka hapohapo. Kama halipo popote, namwambia halipo. Kwa hilo napendelea namba ya 410 kuliko 404, kwa sababu 404 inasema tu "sijaupata", ilhali 410 inasema umeondolewa. Kisha ukurasa wenyewe wa kosa uwe na sentensi mbili za kibinadamu na kisanduku cha kutafutia. Basi.

Nisijifanye mtakatifu. Kuna tovuti niliyoitunza ambako nilielekeza /huduma kwenda /huduma-zetu. Miaka miwili baadaye, nikiwa nimeshasahau, nikaamua jina fupi ndilo zuri, nikaelekeza /huduma-zetu kwenda /huduma. Mistari yote miwili ikabaki kwenye faili moja. Kivinjari kikazunguka kama pia mpaka kikakata tamaa na kulalamika kwamba kimeelekezwa mara nyingi mno. Nikafuta mstari wa zamani, nikapakia upya: kosa lilelile! Nilipoteza karibu saa nzima kupekua seva isiyo na hatia. Kumbe 301 maana yake ni "umehama kwa kudumu", na kivinjari changu kilikuwa kimeliamini neno hilo na kulihifadhi. Dirisha la faragha, lisilotumia kilichohifadhiwa, likafungua ukurasa bila shida. Tangu siku hiyo, elekezo nisilo na uhakika nalo naanza nalo kama 302, yaani la muda, nikiridhika ndipo naligeuza.

Minyororo ya maelekezo nayo ni uchafu wa aina hiyohiyo: anwani ya kwanza inakupeleka ya pili, ya pili inakupeleka ya tatu. Googlebot, programu ya Google inayopitia kurasa, hufuata hadi hatua 10, lakini kila hatua ni safari nyingine kwenda kwenye seva, na mwenye mtandao dhaifu anaisikia. Tena siku utakapofuta kiungo cha katikati, walio nyuma yake wote wanabaki kwenye mataa. Elekeza ya kwanza iende ya tatu moja kwa moja.

Siku hizi sifuti ukurasa kabla ya kufungua logi za seva, yaani kumbukumbu za kurasa zinazoombwa, na kuona nani bado anaubishia hodi. Juzi nilikuta ukurasa niliofuta zamani, nikiuona umepitwa na wakati, ukiombwa karibu kila siku, wengi wakitokea kwenye kiungo kimoja cha tovuti nisiyoijua. Nilikuwa na nakala yake. Nikaurudisha.