Droni ya chambo haifai Ziwa Kivu

Binamu yetu anayeishi Durban, Afrika Kusini, ametuma video. Kijana amesimama kwenye mchanga, fimbo ya kuvulia imechomekwa pembeni yake, mbele mawimbi yanapasuka. Droni inainuka na kipande cha samaki kikining'inia chini yake, inayavuka mawimbi, na uzi unatoka wenyewe kwenye bobini. Ikifika mbali, mita mia tatu au mia nne, inaachia chambo na kurudi mikononi mwa mwenyewe. Mdogo wangu ameitazama mpaka chaji ya simu ikaisha. Sasa anataka tuchange dola, tuagize moja, tuvulie hapa Goma, upande wa Keshero.

Nimemkatalia. Naandika sababu zangu hapa kwa kuwa vijana wengine wa mtaani nao wameanza kuulizia bei.

Tamaa yake naielewa. Kwenye bahari ya wazi chombo kile kina kazi. Anayerusha ndoano kwa nguvu za mkono wake anafikisha kama mita mia, na mara nyingi wimbi linamrudishia chambo miguuni. Samaki wakubwa wako ng'ambo ya mawimbi, na droni inawafuata hukohuko. Ndiyo maana hata wenyewe wamepata wasiwasi. Mwaka 2022 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba kuvua kwa droni ni kosa, kwa sababu kanuni zao zinamtaka mvuvi wa burudani atumie fimbo na uzi kwa mikono yake. Samaki wazazi, na papa pia, walikuwa wakilindwa na ule umbali. Tena samaki aliyenaswa mbali vile huvutwa muda mrefu, akafika ufukweni hoi, na hata ukimrudisha majini huenda asipone.

Lakini sheria ya Durban haitawali huku. Ziwa letu ndilo lililonifanya nikatae.

Jumamosi iliyopita tulimwomba mzee mmoja wa Keshero, mvuvi tangu ujana wake, atupandishe kwenye mtumbwi. Hatukwenda mbali, nguo zilizoanikwa juu ya mawe ya lava tulikuwa bado tunazitofautisha rangi. Mzee akatoa kamba ya nailoni yenye fundo kila pima moja, akafunga jiwe, akalishusha. Mdogo wangu alikuwa akihesabu mafundo yanavyopita kwenye vidole vya mzee: kumi, ishirini, thelathini. Pima ya arobaini ilipita na kamba ikaisha. Jiwe lilikuwa bado linaning'inia.

Mzee akamtazama, akamuuliza, "Mtoto wangu, huko chini samaki wako atapumua nini?"

Swali hilo ndilo makala yangu yote. Kivu lina kina cha hadi karibu mita 480, lakini oksijeni inaishia kwenye tabaka la juu, mita sitini au sabini hivi. Pima arobaini ni zaidi ya mita sabini. Chini ya hapo maji hayachanganyiki na ya juu, na yamebeba gesi: kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi, na karibu 60 za methani. Sisi wa Goma kaboni dioksidi tunaijua vizuri inapotoka ardhini na kutuama mabondeni. Tunaiita mazuku, na tumeona mbuzi aliyelala bondeni jioni akakutwa amekufa asubuhi. Sasa wewe funga kipande cha risasi cha kuzamishia chambo kwenye uzi, mpe droni ipeleke mita mia nne, iachie. Chambo kinazama moja kwa moja kwenye maji yasiyo na kiumbe wa kukila. Kambale na tilapia unaowataka umewaacha nyuma, karibu na mawe, pale ambapo mtoto mwenye ndoano na mnyoo anawafikia bila betri.

Na ukiweka boya ili chambo kibaki juu? Katikati ya ziwa utakutana na sambaza. Hao ni dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya katikati hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Sambaza ana urefu wa kidole, hafuati kipande cha nyama. Anafuata taa usiku, na anatolewa kwa wavu unaoshushwa kati ya mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaume wakiimba ili wavute kwa pamoja.

Kuna jambo jingine, na hili linaniuma zaidi. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulirusha droni zake za kwanza hapa Goma, zisizo na silaha, na watoto walizinyooshea vidole. Baada ya vita vya miaka hii, mlio ule umebadilika maana. Nimemwona mama wa jirani akiacha sufuria motoni na kuwakusanya watoto ndani, kumbe ni pikipiki tu iliyokuwa ikilia mbali. Hapa mpaka wa Gisenyi, mji wa Rwanda, uko karibu kiasi kwamba upepo peke yake unaweza kuivusha droni yako. Nani atamweleza mwenye bunduki kwamba imebeba mnyoo?

Droni ile inauzwa dola 1,000 na zaidi. Mdogo wangu amepiga hesabu upya, safari hii ya nyavu na taa za sola, akamtumia binamu sauti: "Binamu, nisaidie hiyo hela niinunulie wavu." Jibu halijafika. Mzee ameshamwambia aje Jumatatu kabla giza halijaingia, atakaa mtumbwi wa kati, ashike kamba.