Tinti ya Madirisha ya Mama

Muuzaji wa tinti, ile karatasi ya kubandika kwenye vioo, kule Mombasa aliniuliza, "Madirisha yenu ni ya aina gani?" Nikamjibu, "Ya kawaida." Akauliza tena: ya luva, ya kuslaidi, au ya bawaba? "Bwana wee, madirisha ni madirisha. Yanafunguka, yanafungika." Akanitazama kwa huruma, akanikatia mita sita za ile inayong'aa kama kioo cha kinyozi. Mtu wa nje hamuoni wa ndani, alisema. Akaongeza neno kuhusu usiku, ila mimi wakati huo nilikuwa nahesabu chenji.

Vichochoro vya Lamu unavijua: punda wawili wenye mizigo wakikutana, lazima mmoja arudi nyuma. Mpita njia, apende asipende, anapita sebuleni kwa mama. Basi nikavuka kutoka Mokowe nimeipakata roli yangu kwenye boti kama mtoto mchanga.

Nikaanzia chumbani kwa mama. Nikachovya kitambaa, nikafungua dirisha nilifute kioo, nikapapasa. Mbao. Nikapapasa upande wa pili. Mbao. Nimezaliwa katika chumba hicho na sikuwahi kutambua kwamba dirisha lake halina kioo hata kimoja.

"Mwanangu," mama akaniuliza kutoka kitandani, "hiyo karatasi yako utaibandika kwenye upepo?"

Msalani kulikuwa na kioo cha maua. Upande wenye maua tinti haikushika, ikajikunja kama papadi. Nikageukia upande laini, ikashika vizuri sana, ndipo nikakumbuka kwamba kioo cha maua hakijawahi kumwonyesha mtu yeyote chochote.

Imebaki sebule. Hapo palikuwa na luva, vipande kumi vya kioo vimelaliana kama magamba ya changu. Nikavifunga vyote, nikapuliza maji ya sabuni, nikabandika tinti kipande kimoja kutoka juu hadi chini, nikaisugua kwa kadi ya benki mpaka mapovu yote yakatoka. Nikasimama kichochoroni kujiangalia. Nilipendeza.

Saa nane joto likapanda. Mama, kama desturi yake ya miaka yote, akavuta mkono wa luva. Krrraaa! Vioo vikageuka, tinti ikabaki inaning'inia juu, imevimba kwa upepo kama tanga la jahazi. Mama akaitazama, akasema, "Sasa ing'oe nanga, twende."

Ikabidi nichomoe vioo kimoja kimoja, nikate vipande kumi, nibandike upya. Magharibi ikaniingia nimelowa sabuni hadi kwenye nyusi. Na kumbe luva zikishafunguliwa mtu anakuona vilevile, katikati ya kioo na kioo. Nikajipa moyo kwamba usiku mama huzifunga kwa ajili ya mbu.

Usiku zikafungwa, taa ikawashwa, sinia likatengwa. Ndani tulijiona wenyewe tu kiooni, tunatafuna. Nikamwambia mama, unaona? Hatuonekani!

Nje, sauti ya kijana: "Asalaam aleikum, mama! Samaki wa kupaka huyo mbona hamna ndimu?"

Mama hakuinua kichwa. "Waleikum salaam. Tuletee mbili. Na huyo mwanangu aliyekodoa macho, mwambie ameze hilo tonge kwanza."