Kaeni Kawaida Tu, Jamani!

Hivi nani aliwaambia watu wa kwetu Marangu, kule Kilimanjaro, kwamba picha ni gwaride? Yani mtu anaongea, anacheka, anafukuza kuku, mikono inaruka huku na huku, akiona tu lenzi imemgeukia anaganda, mikono ubavuni, kidevu juu, macho hayapepesi, anasubiri wimbo wa taifa. Unamwambia shangazi kaa kawaida tu, endelea na kazi yako, anakujibu hii ndo kawaida yangu. Kawaida gani shangazi, sasa hivi tu ulikua umeinama unamenya ndizi huku unamsema mkwe wa jirani mpaka kisu unakisahau hewani!

Mi nina kamera, Canon 600D, nilimnunulia mtu mkononi, pamoja na ile lenzi ya 50mm ya plastiki ya bei ya chini ambayo kila anayejifunza anaambiwa aanze nayo. Sio mpiga picha wa kazi, kazi yangu ni ya stoo, nahesabu maboksi. Ila kila Desemba tukipanda nyumbani kuhesabiwa (maana Mchaga asipoonekana Krismasi wanaanza kuulizana kama bado yupo) naibeba na nia moja tu, nipige maisha yenyewe. Bibi anakoroga mtori. Babu anashusha mzigo wa majani ya ng'ombe. Watoto wanagombania mfupa. Basi, nia ndogo isiyomdhuru mtu. Nawaambieni afadhali ukapige simba Serengeti, simba hakwambii subiri nikabadilishe.

Subiri nikabadilishe! Hiyo kauli imeniharibia picha kuliko mvua na ukungu vikijumlishwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linaingia kwa mshazari kwenye migomba, moshi wa jikoni unapanda taratibu unakutana na mwanga, yani mwenyewe nasikia raha, bibi yuko pale na khanga yake kifuani anapuliza moto. Nainua kamera. Bibi anainuka, subiri nikabadilishe. Anaingia ndani. Huko ndani linafunguliwa sanduku, kinatafutwa kitambaa cha kichwani, kile cha kitenge cha umoja wa wanawake, halafu inatafutwa pea ya pili ya kiatu. Kuna jamaa wa Kodak, ile kampuni ya filamu na kamera, Steven Sasson, mwaka 1975 alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali, ina uzito kama kilo tatu na nusu hivi, picha moja ilichukua sekunde 23 kurekodiwa kwenye kaseti. Watu wanacheka eti ilikua inachelewa. Ilikua inachelewa kwa nani? Kwa bibi yangu ile ingemaliza kurekodi, ikapoa, na kiatu bado hakijaonekana. Akitoka sasa, amependeza kweli sikatai, jua liko utosini, moshi umeisha, migomba imeweka vivuli vya madoadoa usoni, na anasimama mbele ya ukuta mikono ubavuni. Haya piga.

Na ukijifanya mjanja ukapiga kwa kuvizia ndo umenunua kesi. Shangazi yangu mkubwa ana kinyongo cha miaka na kamera. Pale njiani kwetu watalii wanapita sana, wengine wanaenda geti la mlima, wengine maporomoko ya Kinukamori, na siku moja mmoja akampiga wakati anapandisha na mzigo wa majani kichwani, akasema asante akaenda zake. Basi mpaka leo shangazi akiona kamera lazima aanze upya, "Sahivi niko Ujerumani huko nimetundikwa ukutani kwa mtu na khanga imechanika!" Hana uhakika kama ni Ujerumani, ila ukuta ana uhakika nao. Na kinachomuuma sio hela, ni ile khanga. Angejua angevaa ile mpya. Nikamwambia lakini shangazi hayo ndo maisha, ndo uzuri wake, akaniangalia akasema maisha yako ya Dar na wewe mbona unayatuma ukiwa umechana nywele.

Hapo nilikosa la kujibu, twende mbele.

Shida nadhani imeanzia kwenye mkanda wa filamu. Nyie wa juzi hamjui, zamani mkanda mmoja ulikua na picha 36, na mkanda unaununua, betri unanunua, halafu mpaka ushuke Moshi mjini kusafisha, na kila picha inalipiwa hata kama umetoka umefumba macho. Sasa kwa hesabu hiyo nani ampige bibi anakoroga chungu? Picha ilikua ya ubatizo, kipaimara, harusi na msiba. Kama hakuna sherehe unaenda studio, unakuta pazia, maua ya plastiki kwenye stuli, unaambiwa weka mkono hapa, usicheke, tayari. Ndo maana ukifungua albamu la nyumbani kwetu, lile la kurasa za nailoni zinazonatanata, utadhani ukoo mzima kazi yetu ilikua kuhudhuria harusi. Mama yangu kalima kahawa ujana wake wote, kachuma, kamenya kwa mashine ya mkono, kaosha, kaanika, hakuna picha hata moja ameshika kikapu. Ila za ameshika keki zipo nyingi. Babu naye hakuna anayeweza kuthibitisha kwa picha kwamba aliwahi kufuga ng'ombe, ushahidi uliopo ni kwamba alikua na suti ya kaki na uso wa hasira.

Pale Zanzibar kuna ile Capital Art Studio, ipo tangu 1930, mzee Ranchhod Oza alikua anapiga wakubwa studio halafu anatoka nje anapiga majahazi na watu wa mitaani. Nikiziona zile picha roho inaniuma. Huyu mzee hakua na shangazi?

Haya, tuseme umefanikiwa, mtu kakubali kukaa. Kinafuata kisa cha nyumba. Lenzi yangu ukiifungua mpaka f/1.8, yani tundu lake la mwanga liwe wazi kabisa, inashika uso peke yake, nyuma kote kunakua ukungu laini, ndo raha ya ile lenzi, ndo tulichoinunulia. Nikampiga baba mdogo amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, jicho linaonekana mpaka unyoya wa nyusi, nikamwonyesha kwenye skrini kwa majivuno yote. Akatazama. Akatazama tena. "Nyumba iko wapi?" Nikamwelezea habari za fokasi, kwamba macho ya mtazamaji yaende usoni. Akasema uso wangu wanaujua, nyumba ndo hawajaiona. Kumbe mwaka huu kaezeka bati la msauzi, la maruni, kadunduliza tangu kahawa ya mwaka juzi, halafu mimi nakuja na kidude changu nalifuta lote kwa sekunde moja. Ikabidi nibane tundu mpaka f/11, nirudi nyuma nivuke mfereji niingie kwenye mahindi ya jirani ndo bati lienee. Baba mdogo mwenyewe katoka mdogo hapo chini, ukikuza sana utamwona. Akaipenda hiyo! Kaiweka profaili.

Na usimkate mtu miguu. Yani ukipiga nusu, kifua na uso, unaulizwa kwani mi kilema? Mwenzio kavaa kiatu halafu we unaishia kiunoni.

Jikoni sasa, huko ndo nimetoa machozi ya kweli, kwa moshi na kwa hasira. Jiko letu ni la kuni, mafiga matatu, kuta zimekua nyeusi tii tangu enzi, mwanga unaingia mlangoni tu. Kamera haina akili ya mtu, inachojua ni kujumlisha mwanga wote na kuufanya uwe wa kijivu cha katikati. Kwahiyo bibi akikaa upande wa mlango kamera inaona mwanga mkali wa nje inaogopa, inatia giza, bibi anatoka kivuli chenye kitambaa. Akikaa upande wa ukutani inaona giza tupu inajitutumua, inamtoa bibi mweupe kama karudi Ulaya, na mlango umeungua. Na hizi mashine toka zamani hazikutengenezwa kwa kutufikiria, enzi za filamu maabara zilikua zinapimia rangi kwa kadi ya Kodak yenye dada wa kizungu, wakiiita Shirley, yani mng'ao wa ngozi ya bibi yangu Marangu unasubiri ruhusa ya Shirley. Nikapandisha ISO, yani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 6400, ikaja picha imejaa chenga. Bibi akaiangalia akauliza kwani hapa nilikua napepeta?

Halafu ile 50mm kwenye kamera ya aina yangu yenye sensa ndogo inabana, inaona eneo dogo kama lenzi ya 80mm, ukitaka bibi, chungu na moto vyote viingie lazima urudi nyuma, na jiko halina nyuma. Nikarudi nikatokea mlangoni, nikarudi nikapita uani, mwisho nikajikuta nimeegemea banda, ng'ombe ananilamba shingo. Huyo ng'ombe ndo kiumbe pekee pale nyumbani anayekaa kawaida. Nina picha zake nyingi na zote nzuri. Hakuna anayezitaka.

Lakini haya yote nimeyasamehe. Kitu ambacho sijasamehe ni hiki, kwamba maisha yenyewe yakianza kutokea kweli, yale watu wanasahau kabisa kama kuna kamera, wanaitaka mikono yako! Chukua siku ya mbuzi. Wanaume wamezunguka, babu anaelekeza nani akate wapi, maana kwetu nyama haigawanywi ovyo, kidari kina mwenyewe, mguu una mwenyewe, na kuna wajomba wamekuja na kumbukumbu za mgao uliokosewa tangu mwaka jana. Sura pale ni za sinema. Mmoja kakunja uso, mmoja anacheka jino moja, mvuke wa damu unapanda kwenye baridi ya asubuhi, mbege inazunguka kwenye kibuyu, hakuna anayeweka pozi hata mmoja. Nikasema leo ndo leo. Nainua kamera, nasikia sauti ya mjomba, "We! Weka hiyo kitu chini ushike mguu." Nikashika mguu. Kila kitu kikapita mbele ya macho yangu kikiwa kizuri ajabu, kamera inaning'inia kwenye tawi la mkahawa.

Ndo hivyo hivyo majani yakishuka, ndizi zikikatwa, maji yakikatika. Kijijini mtu mzima mwenye mikono mitupu ni kibarua ambaye hajapangiwa kazi, na kamera haihesabiki kama kitu ulichoshika. Siku hizi nikiona picha nzuri sana ya maisha ya kijijini swali langu ni moja tu, huyu mpigaji alipewaje ruhusa ya kutoshika chochote?

Halafu njoo Jumapili ya kipaimara ya mtoto wa binamu. Mimi nimejipanga, nimechaji betri, memori kadi tupu, nimechagua dirisha lenye mwanga. Wakaja vijana wa pale senta na kamera zao na kiprinta kidogo, flashi puu puu usoni, watu wamenyooka mstari, mikono ubavuni. Ibada haijaisha vizuri picha zimetandikwa chini nje ya kanisa kwenye turubai, elfu mbili mbili, ukoo wangu wote umeinama unachagua. Shangazi kanunua moja ameangalia juu kabisa mbinguni, macho meupe, na nyuma kuna mtu anakula ndizi. Kafurahi huyo! Nikamwambia mi nakupiga bure shangazi, akasema zako hazishikiki, ziko humo kwenye mashine. Na kweli, nikiwatumia kwa WhatsApp inazibana zinafika zimechakaa, nikizituma kama dokumenti wanasema zimemaliza bando. Na hela ya ile ya macho meupe, nani alilipa? Mimi. Hakua na chenji.

Jioni yake bibi akaniita pembeni. Amevaa tayari! Kitenge, kitambaa, kiatu pea zote mbili, kajipaka mafuta. Kaweka kiti mwenyewe mbele ya ua la masale. Akasema nipige moja nzuri ya msiba. Nikashtuka, nikamuuliza bibi unaumwa? Akasema siumwi, ila nyie watu wa Dar nawajua, siku yenyewe mtaanza kukimbizana na simu mnatafuta picha, mwisho mnaniweka ya kitambulisho ile niliyotoka kama mwizi. Kwahiyo piga sasa hivi nikiwa na nguvu, na miguu itokee. Nikapiga. Mwanga wa jioni safi kabisa, kakaa wima mikono magotini, hata mimi nilikubali imetoka vizuri. Nikapata ujasiri nikamwonyesha na ile ya jikoni, ya chenga, anapuliza moto jasho linamtoka, nikamwambia bibi kwangu hii ndo bora. Akaishika kamera akaisogeza mbali ndo aone.

"Hii futa," akasema. "Watu wa msibani watasema mlikua mnanitesa."

Nikamwambia nimefuta. Babu kumbe alikua nyuma ya kahawa anasikiliza, akatokea akasema na yeye anataka ya kwake ya msiba, ila asikae peke yake, akae na ng'ombe, watu wajue alikua na mali. Nikafurahi nikasema haya babu twende bandani mwanga usiishe. Akaniangalia. Ng'ombe huyu mwenye mavi mpaka kiunoni? Kwahiyo nikapewa ndoo, brashi na kipande cha sabuni, na mpaka namaliza kumsugua miguu ya nyuma giza limeingia, babu kavua suti kaenda kulala, kaniambia kesho asubuhi nimwogeshe tena.