Koboko hanitishi kama mbwa wa jirani

Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, nilimkuta bibi mmoja chini ya mwembe nje ya hospitali, mjukuu wake kalala mapajani. Asubuhi nilikuwa nimemwandikia mtoto chanjo ya kichaa cha mbwa, nikajua ameshachomwa na kwenda zake. Kumbe karatasi yangu bado ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na noti mbili. Shikamoo bibi, mbona bado mpo? Akanijibu kwa upole ambao hadi leo unaninyima usingizi: "Marahaba, mwanangu. Dirishani wamesema hela haitoshi. Nimeona tupumzike, jua likipoa turudi nyumbani tusubiri korosho."

Wasubiri korosho! Mnada wa kwanza bado wiki kadhaa. Mtoto kang'atwa shavu la mguu tangu Jumamosi, na mbwa ambaye hakuna anayejua katokea wapi, aliyekwisha kung'ata mbuzi wawili kabla ya kumfikia yeye.

Watu wakisikia natibu huku vijijini Lindi, huniuliza habari za nyoka. Nawaelewa. Msimu wa korosho watu wanashinda wameinama chini ya mikorosho, na kifutu hulala kwenye majani makavu, rangi yake na ya majani ni moja, na akisikia mtu anakuja hahami. Nimeshaona mguu uliooza hadi karibu na goti kwa sababu ndugu walikaza kamba juu ya jeraha tangu alfajiri hadi mchana. Sumu ya kifutu yenyewe inaozesha nyama, na kamba ikazuia damu isifike kabisa. (Na jiwe jeusi halinyonyi sumu. Tafadhali sana, msimchelewesheni mtu kwa ajili ya jiwe.) Koboko ndiye anayeua haraka: kope zinaanguka, ulimi unakuwa mzito, halafu pumzi inakata. Lakini aliyeumwa na koboko hukimbizwa. Kijiji kizima kinaamka, na dereva wa bodaboda haulizi nauli.

Aliyeng'atwa na mbwa anaambiwa: ni mbwa tu. Anapaka mafuta ya taa, anarudi shambani.

Kirusi cha kichaa hakina haraka. Kinaingia kwenye mishipa ya fahamu pale kwenye kidonda na kupanda polepole kuelekea ubongoni, mara nyingi miezi miwili mitatu, safari nyingine hata mwaka. Kidonda kinapona, mbwa anasahaulika. Muda wote huo mtu anaokolewa kwa chanjo. Dalili zikishaanza, sina dawa, na hakuna hospitali yoyote, hata ya Ulaya, ninayoweza kumpeleka nikiwa na matumaini.

Chanjo hii si jambo la juzi. Mwaka 1885 kule Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule akaishi hadi utu uzima. Binti niliyempoteza mimi, miaka kadhaa sasa, alikuwa na umri huo huo. Baba yake alimleta akidhani ni malaria. Nilimsogezea kikombe cha maji, koo likamkaza kabla hata hakijagusa midomo, mwili mzima ukaruka. Upepo wa feni nao ulimtesa, tukaizima. Akili yake ilikuwa timamu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Alikuwa akiniomba kwa adabu, "Daktari, naomba maji," na maji sikuweza kumpa. Tulimchoma dawa za kumtuliza. Siku ya tatu alfajiri akafariki.

Baba yake akanisimulia, macho yake yako sakafuni. Alimpeleka mtoto siku ile ile alipong'atwa. Akatajiwa bei. Akauza korosho zake kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini, zingali bado maua mtini, akapata hela ya sindano moja. Zilizobaki angemalizia baada ya mavuno. Nimewasikia watu wakisema wazazi wa vijijini ni wazembe. Mtu aliyeuza mavuno ya mwaka mzima kwa bei ya kutupa ili mwanawe apate sindano, huyo mnamwitaje mzembe?

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema kwenye kila kikao nitakachoitwa: chanjo ya kichaa itolewe bure, na iwepo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, si hospitali ya wilaya peke yake. Mama hatumtozi chanjo ya surua. Mgonjwa wa kifua kikuu hatumwambii akauze shamba kwanza. Inakadiriwa watu 59,000 hufa kwa kichaa duniani kila mwaka, na wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote wameng'atwa na mbwa.

Najua nitajibiwa habari za bajeti. Sawa, chupa zina gharama, na nimeshashika mikononi mwangu chupa zilizopitwa na muda wakati kituo cha jirani kinalia hakina. Nalikubali hilo kwa shingo upande. Lakini tukichoma ndani ya ngozi, mtu mmoja anatumia mililita 0.2 tu kwa siku, na chupa moja ya nusu mililita inawatosha wawili waliofika siku hiyo hiyo. Ni mara tatu ndani ya wiki moja, basi. Na mbwa wachanjwe kila mwaka bila kuruka. Pemba walishikilia hivyo, kichaa kikaisha 2014, kikarudi 2016, wakakimaliza tena.

Wewe uliye mbali na hospitali, anza na sabuni. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa, usikisie. Sabuni inakiua kirusi hicho. Halafu njoo, hata kama mbwa ni mdogo, hata kama ni wa nyumbani na kidonda ni mkwaruzo.

Yule mjukuu tulimchangia, wauguzi, mtu wa maabara na mimi. Alichomwa saa kumi na nusu, bibi akimshika mkono. Ijumaa walirudi, wametembea tangu saa kumi usiku. Kesho ni siku ya saba. Nimempigia jirani yake mwenye simu, na mwenye bodaboda ameshalipwa awafuate mlangoni.