Mwaka wa Kukaimu

Mwaka umekatika, nami nimekaa na daftari langu la Januari mosi mapajani. Ukurasa wa kwanza una mipango kumi, juu yake nimeandika kwa herufi kubwa, "MWAKA WANGU HUU", nikapiga na mistari miwili. Mipango tisa haijaguswa. Wa kumi, wa uzito, nimeushughulikia kwa bidii, ila nilikusudia kupunguza.

Msiseme sijabadilika. Nimebadilika jamani! Sikuulizwa tu.

Machi bosi aliniita, anatabasamu. Bosi akitabasamu, mwenye akili anaanza kukumbuka mkataba wake unaisha lini. Akanipa mkono: "Hongera, kuanzia leo wewe ni Kaimu Mkuu wa Kitengo." Nikatoka kifua mbele hadi kitengoni, nikatafuta watu wa kuwaongoza. Mmoja kastaafu, wa pili kahamishwa, wa tatu yuko likizo ya uzazi. Tumebaki mimi na printa. Na printa yenyewe hainitambui: nikiiamuru itoe kurasa mbili, moja inameza, ya pili inaitema imekunjamana kama shati la mlevi.

Mshahara? Huo haukupandishwa cheo. Sasa nikitaka ruhusa naandika barua kama mfanyakazi, halafu naipokea mwenyewe kama kaimu. Agosti nilijinyima likizo. Kazi zilikuwa nyingi, na barua yangu haikuwa na sababu za msingi.

Nyumbani nako tukahama. Boksi moja mke wangu aliliandika "MUHIMU SANA", nikalibeba kifuani kama kichanga, mgongo ukalia kwa! Tumelifungua juzi, miezi mitano baadaye. Ndani kuna vifuniko visivyo na vyombo, rimoti ya televisheni tuliyokwisha kuiuza, na funguo za nyumba tuliyohama. Mwenye nyumba alikata fedha zetu kwa ajili ya funguo hizo. Tulibishana naye wiki nzima, tena mimi ndiye niliyeapa.

Halafu macho. Simu nilianza kuisoma kwa mbali, kila mwezi mbali zaidi, nikadhani mkono umefupika. Daktari akasema lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, wengi wanaanza kuona tofauti wakishapita miaka 40. Nikamuuliza kama simu haiwezi kuwa ndiyo mbovu. Akaisoma. Nzima.

Kwa hiyo hii miwani. Nayo nikiivua siioni, maana ya kuitafutia ni hiyohiyo.

Faida yake nasoma. Kumbe mwaka 46 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipokuwa anarekebisha kalenda iliyokwenda kombo, mwaka ule ulirefushwa hadi siku 445. Nimewaonea huruma Warumi kwa moyo wote. Wangu ulikuwa na siku 365 tu na umeniacha hoi. Ungeongezwa nyingine 80, pengine ningeshakaimu na ubalozi.

Jana bosi kaniita tena. Anatabasamu. Eti ameridhika sana na uongozi wangu, kwa hiyo Januari naongezewa kitengo cha jirani, nacho nikikaimu. Nikameza mate, nikamuuliza, "Mkuu, huko kuna watu wangapi?"

Akafungua faili, akapekua, akalifunga.

"Kuna printa mbili."